Kipimo cha VVU kikiwa hasi, fangasi asisahaulike

Mhariri,

Ikitajwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, wengi huwaza VVU. Ni kweli wagonjwa wengi kinga yao imeshuka, lakini si wote. Fangasi aitwaye kriptokokasi, aina ya gattii, anayeishi kwenye miti na udongo, huwashika hata wenye afya zao. Tangu 1999 amewapata watu wa namna hiyo kisiwani Vancouver, Kanada. Na mwaka 2012 huko Marekani, sindano za mgongo za kutuliza maumivu zilizochafuliwa na fangasi wa aina nyingine ziliwaambukiza watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 wakafa.

Kinachoniudhi ni ucheleweshaji. Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Kichwa kinauma wiki baada ya wiki, homa inakuja na kuondoka, macho yanaanza kuona vitu viwili viwili. Mgonjwa anapewa vidonge vya maumivu, kisha antibayotiki, ambazo haziui fangasi. Kipimo cha VVU kikitoka hasi, basi, fangasi hatajwi tena.

Kumbe maji ya uti wa mgongo yangechukuliwa kwa sindano, antijeni ya kriptokokasi (alama ya fangasi huyo) ingeonekana kwa dakika chache tu. Wagonjwa (na ndugu zao zaidi!) huikwepa sindano hiyo wakidhani inapoozesha. Madaktari wawaeleze kwamba huchomwa chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti unapoishia.

Msomaji wenu