Majani ya kadi za Desemba yachumwe Julai

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na walimu, viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana wa mikoa ya Mtwara na Lindi wanaotengeneza kadi za salamu kwa kutumia majani na maua yaliyokaushwa. Ni kazi ninayoifanya mwenyewe hapa Mikindani, na ninafurahi kila ninapoona meza nyingine ya kadi kwenye maonyesho au nje ya duka la vifaa vya shule. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huianza wakati usiofaa. Husubiri Novemba iishe, shule zikaribie kufungwa na Krismasi ianze kubisha hodi, ndipo wanapotoka na vikapu kwenda kuchuma. Katika mikoa kama hii yetu yenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, huko ni kuanza kukausha siku ile ile mbingu inapoanza kulowesha.

Desemba iliyopita nilinunua kadi kwenye maonyesho ya shule moja, ambayo sina sababu ya kuitaja kwa kuwa kosa lake ni la wengi. Ilikuwa kadi nzuri: manila nyeupe iliyokunjwa kwa rula, vipande vitatu vya bogenvilia ya zambarau vimepangwa kwa mshazari, kijiti cha mwarobaini kimepita chini yake, na maneno ya heri ya mwaka mpya yameandikwa kwa mwandiko wa mtoto aliyejitahidi. Kadi ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni angavu ili isichafuke. Kabla Januari haijafika katikati, madoa meusi yalikuwa yametapakaa kwenye manila, bogenvilia ilikuwa imegeuka kahawia na kugandana na nailoni, na nilipoifungua nilipokewa na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Mtoto yule alifanya kila alichofundishwa. Jani halikuwa limekauka, na nailoni ililifungia maji yake ndani.

Niruhusu nieleze sababu, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Kukausha jani la kadi ni kulitoa maji upesi huku limebanwa likiwa bapa, kabla rangi yake haijaharibika na kabla kuvu haijapata nafasi. Kuvu huota kwa urahisi hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 hivi, na hapa pwani wakati wa mvua hewa hukaa juu ya kiwango hicho siku nyingi mfululizo, hata ndani ya nyumba iliyoezekwa vizuri. Gazeti unaloweka juu ya jani mwezi Januari tayari limekwisha kunywa unyevu wa chumba, kwa hiyo halina pa kuyaweka maji ya jani. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa kusi ukivuma na baadaye joto likipanda bila mvua, gazeti hilo hilo hufanya kazi yake yote: jani jembamba hukauka ndani ya wiki moja au mbili, mradi karatasi zibadilishwe kila siku katika siku za mwanzo. Kuzibadilisha ni jambo ambalo wengi hulipuuza, wakidhani kwamba uzito wa matofali ndio unaokausha. Tofali hunyoosha tu. Anayekausha ni karatasi.

Wapo pia wanaoanika majani juani kama dagaa, kwa imani kwamba jua kali ndilo la haraka. Ni kweli yatakauka, lakini yatajikunja kama magamba na kupauka, kwa sababu mwanga huo huo unaokausha ndio unaoiua rangi ya kijani. Majani ya kadi hukaushwa kivulini, ndani ya karatasi, mahali penye upepo. Ukitaka kujua kama yamekauka kweli usitegemee macho. Chukua jani, liguse shavuni: likikupa ubaridi, bado lina maji, lirudishe kwenye gazeti. Lililokauka halina ubaridi wowote, na ukiliinua kwa kikonyo halilegei.

Uchaguzi wa majani nao una hila zake. Mwarobaini, mkwaju na mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaopandwa mbele ya ofisi nyingi, vina vijani vidogo vinavyopendeza sana kwenye kadi, ila vya mkwaju na mkrismasi hujikunja muda mfupi baada ya kukatwa na, vikichelewa, hupukutika kimoja kimoja hadi ukabaki na ukuti mtupu. Anayevitaka aende na kitabu cha zamani mkononi na kuvibana pale pale chini ya mti, asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijakaza. Bogenvilia ni rafiki wa anayejifunza: kile tunachokiita ua lake kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe likiwa lile dogo jeupe lililo katikati, na majani hayo ni membamba kama karatasi tangu yakiwa mtini. Vijiti vya mvinje wa ufukweni hukauka karibu bila kazi na hutoa mistari mizuri ya kuzungushia maandishi. Mawaridi na maua mengine mazito yaliyojaa petali ni ya kubandua petali moja moja; anayebana ua zima la waridi katika hali ya hewa ya Mtwara anafuga kuvu.

Kuhusu mkrismasi kuna jambo linalokera kidogo. Maua yake mekundu, ambayo kila mtu angependa kuyaona kwenye kadi ya mwisho wa mwaka, huchanua kwa wingi karibu na Desemba, pale pale mvua zinapotukaribia. Kwa mwaka huu basi yaache mtini, au yakaushe ukijua kwamba ni ya kadi za mwaka ujao, na ukubali kwamba wekundu wake hugeuka kuwa wa kiza. Sioni aibu katika hilo. Kadi nyingi nzuri ni za rangi ya udongo na majani makavu.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mkorosho, na ni haki, maana mkoa wetu ukitajwa popote korosho hutajwa pamoja nao. Maua yake madogo yenye michirizi ya waridi yanavutia, na yanachanua wakati ule ule ninaoupigia debe. Pamoja na hayo nawasihi walimu wasiwatume watoto kuyachuma. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maua katika kila kichala ni ya kiume na hayatazaa, lakini anayekata kichala hukata na yale ambayo yangezaa, na mkulima hatachukua muda kutofautisha. Isitoshe, huo ndio wakati ambao mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia maua na majani machanga, na mtoto hana sababu ya kushika vumbi hilo kwa ajili ya kadi. Majani makuukuu ya mkorosho yaliyodondoka yenyewe, mbali na miti iliyopuliziwa, yana rangi ya shaba ambayo hakuna dukani. Yafute kwa kitambaa kikavu, yabane, na yakatwe kwa mkasi kuwa maumbo madogo kwa kuwa jani zima ni gumu na litainua kadi.

Wenzetu wa bara, kuanzia Newala na Masasi hadi Nachingwea, wana bahati ambayo sisi wa pwani hatuna. Hewa yao ni kavu zaidi wakati wa kiangazi, na wanayo miombo, ambayo mwezi Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, hutoa majani machanga mekundu na ya shaba hadi kilima kizima kikaonekana kama kinaungua. Majani hayo ni laini na hukunjamana yasipobanwa mapema, lakini sijaona malighafi bora zaidi ya kadi. Kama kikundi cha Masasi na kikundi cha Mtwara mjini vingeafikiana kubadilishana, kimoja kikatoa majani ya miombo na kingine vijiti vya mvinje na bogenvilia za mjini, kila upande ungepata kadi zisizofanana na za jirani.

Katika kuchuma huko, misitu ya hifadhi iachwe. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuchukua mazao ya msitu katika hifadhi kunahitaji kibali, na misitu kama ule wa Rondo, mkoani Lindi, ina mimea isiyopatikana kwingine duniani. Hakuna kadi inayostahili kuchumiwa majani huko. Uani, kando ya barabara, kwenye ua wa shule, hata magugu ya shambani yanatosha. Yapo majani ya Lindi yaliyobanwa kwa njia hii hii kwa ajili ya sayansi: katika miaka ya 1930 Mjerumani Schlieben alikusanya mimea maeneo ya ziwa Rutamba na kuikausha ndani ya karatasi, na vielelezo vyake bado vinasomwa na wataalamu wa mimea katika makumbusho ya nje. Siri ya umri huo ni kukauka barabara, kisha kukaa gizani na mahali pakavu. Kadi haihitaji kuishi miaka 90, lakini ifike walau Januari.

Yaliyokauka huhifadhiwa ndani ya gazeti kavu, kwenye kopo la bati lenye mfuniko, na kidonge cha dawa ya nondo kikiwekwa pembeni. Hapo yatakungoja hadi Desemba bila kudai chochote. Siku ya kubandika tumia gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ipakwe kwa brashi nyembamba kwenye uti wa jani na ncha zake tu, kwa sababu gundi nyingi huilowesha manila ikapinda. Uji wa muhogo au wa ngano, ambao baadhi hutumia kwa kubana matumizi, huwaalika mende. Kadi ilale chini ya kitabu kizito usiku mmoja ndipo iandikwe. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili hutoa kadi inayoingia vizuri kwenye bahasha ndogo ya kawaida. Na kwa wanaotuma kwa njia ya posta, jani lisiwe na kikonyo kinene, kwani muhuri wa posta hauna huruma na kitu chochote kilichovimba.

Nimesikia wakisema kwamba yote haya ni kazi bure kwa kuwa salamu siku hizi hutumwa kwa simu. Picha ya kadi hutumwa kwa simu, ndiyo, na bibi harusi huipokea pamoja na nyingine mia zinazofanana nayo, akaifuta ili apate nafasi. Wateja wangu hawanunui kadi mia. Hununua moja ya mama mkwe, moja ya padri au shehe, moja ya mwalimu anayestaafu, na mbili tatu za wageni wa heshima kwenye harusi ambayo kadi zake nyingine zote zimechapwa. Harusi hizo huongezeka fedha za korosho zinapoingia, yaani kuanzia Oktoba. Tena tusifikirie Krismasi peke yake. Sikukuu za Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, katikati kabisa ya mvua zetu. Anayetaka kuuza kadi za Idi hapa Mtwara, Lindi au Kilwa hana njia nyingine isipokuwa kuwa na majani aliyoyakausha kiangazi kilichotangulia.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa walimu wa sanaa na kazi za mikono: kipindi cha kuchuma na kubana kiwekwe kwenye muhula ulio katika miezi ya Julai hadi Septemba, na cha kubandika kibaki mwisho wa mwaka kama kilivyo. Kazi igawanywe mara mbili, hata kama katikati ya vipindi hivyo watoto watasahau walichochuma; watakapofungua kopo watakumbuka, na wengine watagombania.

La pili linakuhusu wewe, Mhariri. Makala ya namna ya kutengeneza kadi huonekana magazetini Desemba, mvua ikiwa imeshaanza kupiga madirisha. Yachapishwe Julai. Na mawakala wako wa mikoa hii wakiwa na nakala ambazo hazikuuzwa, ambazo nyingi huishia kufungia vitumbua na karanga, wazigawie shule na vikundi vya kadi vilivyo karibu nao kabla kiangazi hakijaisha. Karatasi ya gazeti hunywa maji kuliko karatasi nyingine yoyote tunayoweza kuipata bure, isipokuwa zile kurasa za matangazo zinazong'aa, ambazo wauza vitumbua wanaweza kubaki nazo.

Mtengeneza kadi,
Mikindani, Mtwara