Barua ya wazi kwa Waziri wa Gaeltacht (maeneo ya Ireland ambako watu wanaongea Kiayalandi): hao asilimia 20 mtawakalisha dirisha gani?

Mheshimiwa Waziri, habari za kazi.

Nakuandikia kutoka Galway, mimi ni Mtanzania na wanangu wanasoma gaelscoil, shule ambayo masomo yanafundishwa kwa Kiayalandi, kwa hiyo hii ishu ya lugha kwenye ajira za serikali inanigusa kabisa. Naandika kwa Kiswahili maana nataka na Waswahili wenzangu wa huku waisome, wengi wanadhani haituhusu.

Sheria ya lugha rasmi ya 2021 inataka mpaka mwisho wa 2030 angalau asilimia 20 ya wanaoajiriwa upya kwenye taasisi za umma wawe wanajua Kiayalandi. Naunga mkono mia kwa mia. Ila hiyo ni asilimia 20 ya wanaoingia, siyo ya waliopo tayari, na mtu akishaingia serikalini anakaa humo hadi kustaafu, so hata mkifikisha lengo bado ofisi nyingi zitakuwa na watu wa Kiingereza tu kwa miaka mingi. Ndo maana mi nauliza hao wachache mtawapanga wapi. Mkiwajaza Dublin kwenye vitengo ambavyo havionani na mwananchi, halafu bibi wa Connemara, huko Gaeltacht, anapiga simu kuulizia pensheni yake anaambiwa aongee Kiingereza, hapo mmepata namba tu, bibi hajapata kitu.

Na haya yalishatokea jamani. Mwaka 1974 serikali ilifuta sharti la Kiayalandi kwenye ajira zake, ikaja na utaratibu wa kuwaongezea maksi wanaokijua. Matokeo yake? Mwishoni mwa 2013 Seán Ó Cuirreáin, Kamishna wa Lugha wa kwanza, yaani msimamizi wa haki za lugha, aliwaambia wabunge kwamba kwa mwendo ule Wizara ya Elimu ingehitaji miaka 28 kutoka asilimia 1.5 ya wafanyakazi wanaokimudu hadi kufika asilimia 3. Wizara ya Elimu! Akaachia ngazi kabla muda wake haujaisha. Inauma sana.

Halafu msiamini tiki ya kwenye fomu. Kwenye sensa ya 2022 watu 1,873,997 walisema wanaweza kuongea Kiayalandi, lakini zaidi ya nusu yao walisema hawakiongei vizuri, na wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Kwa hiyo kwenye intavyu mtu aongee, tena aongee mambo ya kazi yenyewe, kodi, hospitali, ruzuku.

Kwa sisi wahamiaji, wapo wanaoogopa kwamba hii sheria itatufungia mlango. Mimi sioni hivyo, ila lazima mlipie madarasa, na yawe ndani ya saa za kazi, maana mtu wa shifti hana jioni ya kwenda darasani. Mitihani ya TEG, ya kupima Kiayalandi cha watu wazima, ipo na inaanzia A1, ngazi ya chini kabisa, mtu mzima anaweza kupanda ngazi moja moja.

Ninachoomba: anza na ofisi zinazohudumia Gaeltacht, Donegal, Connemara, Kerry. Kila nafasi ya kuhudumia watu huko itangazwe kuwa ni ya Kiayalandi kabla haijaanza kuombwa, na kila mwaka mtuambie hadharani waliopatikana wamepangiwa ofisi ipi.

Ahsante,
Mama wa wanafunzi wa gaelscoil, Galway