Msiuze matrekta ya wazee kwa kilo

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Wiki mbili zilizopita kuna mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba matrekta mabovu yaliyolala kwenye maboma yetu ni uchafu tu, wenye nayo wawaite watu wa skrepa wayabebe. Niliumia kusoma hiyo barua maana mimi nimemaliza mwaka na nusu nafufua la baba yangu, na gharama yake ntaisema yote hapa, sifichi kitu.

Ni Massey Ferguson 135. Mzee alilinunua mkononi 1983 kwa hela ya ngano, likalima huku Karatu mpaka 2006 injini ilipokamata, likasukumwa nyuma ya zizi na kuku wakawa wanatagia kwenye siti. Mtu wa skrepa akaja na laki tisa, wadogo zangu wakataka tugawane tu yaishe. Nikawaambia niachieni, fungu lenu ntawapa mimi, na niliwapa. Kile kibati cha namba pale kwenye dashibodi kilikuwa kimepigwa rangi juu, nikakisugua kwa dizeli na kitambaa karibu saa nzima, herufi zikatoka moja moja, kumbe ni la 1971, limetoka Coventry kule Uingereza, limenizidi umri!

Injini yake ni Perkins ya silinda tatu na ilikuwa haizunguki hata kidogo. Fundi wangu ni mzee wa miaka 70 na kitu, wala hakushika nyundo. Alifungua nozeli zote tatu, vile vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, akasema tuonane baada ya wiki mbili, na mimi kila jioni nikawa naongeza kidogo. Siku tulipotia mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikasogea upana wa kidole nilipiga kelele mpaka mama akatoka mbio akidhani nimebanwa mkono.

Sasa hela. Pistoni, ringi na slivu 850,000. Kusaga kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, pamoja na beringi zake 380,000, na hiyo nimelipa mara mbili, maana beringi za kwanza niliuziwa kama orijino kwenye duka moja ambalo sitalitaja, injini ikapiga kazi kwa muda wa saa nne tu ikaanza kugonga, kufungua tunakuta zimelika mpaka shaba inaonekana. Pampu ya dizeli na nozeli 450,000, klachi 520,000, tairi mbili za nyuma 2,100,000, hapo kwenye tairi nilikaa miezi mitatu bila kugusa kitu natafuta hela. Weka redieta, betri, waya, oilsili, rangi, nauli za Arusha na chakula cha fundi, inakaribia milioni saba. Ni hela nyingi, sibishi. Lakini trekta jipya la nguvu hiyo sisi wa ekari kumi tunaisikia tu bei yake, na hili spea zake bado zipo kwa sababu Pakistan na India wameendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo huo.

Halafu kuna kitu ambacho hakina risiti. Kwenye boksi la tulizi nilikuta spana ambayo mzee aliikunja mwenyewe kwa moto ili ifike kwenye nati moja iliyojificha nyuma ya pampu, ambayo spana ya kawaida haiingii. Mzee ameshatangulia. Nimeifungua hiyo nati kwa spana yake hiyo hiyo. Tukatoa upepo uliokwama kwenye njia ya dizeli, kwenye filta, kwenye pampu, mwisho kwenye nozeli, nikapiga stata, moshi mweupe ukajaa zizi zima halafu ukaja ule mlio wa silinda tatu ambao nimekua nao, mama akakaa chini kwenye ndoo hakusema neno.

Msimu huu limelima ekari zetu na za majirani wanne.

Ombi langu, TBS wa viwango na FCC, ile tume ya ushindani inayoshughulikia bidhaa feki, pitieni maduka ya spea za matrekta, beringi feki inamrudisha mkulima nyuma msimu mzima. Na vijana mliomaliza VETA nendeni mkakae na hawa mafundi wazee sasa hivi wakiwa bado wanaona vizuri, ile akili ya kusubiri wiki mbili badala ya kupiga nyundo hamtaipata kwa kusoma peke yake.

La mwisho, kuna Massey Ferguson 35 njia ya kwenda Mbulu, imelala chini ya mgunga, boneti ipo na taa zote mbili zipo. Hizo ziliisha kutengenezwa kabla hata hizi 135 hazijaenea huku. Mwenye nayo kama unasoma hapa, tafadhali usiipime kwa kilo, mhariri anayo namba yangu, nitakuja na fundi tuitazame.

Msomaji wenu,
Karatu