Polishi inakwangua, haipaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Ukurasa wenu wa magari umetushauri sisi tunaoosha magari yetu nyumbani tupige polishi kila mwezi ili rangi isichoke. Niliposoma hapo niliweka mkasi chini. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya gereji siyajui, lakini boneti ya gari langu nimeimaliza kwa mkono wangu mwenyewe kwa kufuata ushauri wa aina hiyohiyo.

Gari lenyewe ni la buluu iliyokoza, rangi isiyoficha kitu. Jua likilipiga, unaona mikwaruzo myembamba imejizungusha kama utando wa buibui. Niliichukia mikwaruzo ile. Nikanunua kopo la polishi, nikachana fulana kuukuu, nikawa nasugua kila Jumamosi. Nikimaliza linang'aa, nami naingia ndani nimeridhika. Miezi ikaenda hivyo. Siku moja nikiwa kwenye ule mkunjo unaopita kwenye boneti, nikageuza kitambaa kutafuta upande safi, nikakuta kimeingia buluu. Nikadhani ni uchafu unatoka. Nikaongeza nguvu!

Fundi rangi niliyempelekea hata hakuligusa. Aliinama akalitazama kwa ubavu, akauliza, "Mama, hapa umesugua mara ngapi?" Nilipomwambia alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Ndipo akanieleza. Magari mengi ya sasa yana rangi, na juu ya rangi kuna tabaka linaloonyesha kama kioo, wao huliita klia. Mng'ao wote unatoka hapo, na ndilo linaloikinga rangi na jua. Unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50. Tarakimu hiyo haikuniambia kitu mpaka nilipoipima kwa kitu ninachokishika: karatasi ya kawaida ya kuandikia ina maikroni kama 100. Basi klia yote ni nusu ya karatasi. Na polishi ina chembe za kusaga. Ni msasa, ila laini sana. Haizibi mkwaruzo. Inaishusha klia ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, kama vile mtu aniletee suruali iliyochanika upindo nami nikate pande zote nisawazishe. Itapendeza, lakini imeshakuwa fupi. Kwenye mikunjo na kingo klia huwa nyembamba zaidi, ndiyo maana kwangu ilitobokea pale. (Mwenye gari la zamani lisilo na klia asishtuke kitambaa kikichukua rangi kidogo, kwake ni kawaida.)

Nta ni jambo jingine kabisa. Nta inakaa juu ya klia, inachakaa yenyewe baada ya wiki au miezi, na ukiirudia hupotezi kitu. Nadhani mwandishi wenu alikusudia nta akaandika polishi. Tatizo ni kwamba makopo mengine yamechanganya vyote viwili. Yakisema yanaondoa mikwaruzo, jua mna chembe ndani.

Lakini ukurasa wenu haukuuliza mikwaruzo inatoka wapi, na hapa naomba niringe kidogo maana vitambaa ndiyo kazi yangu. Ile fulana yangu ilikuwa na lebo shingoni na upindo ulioshonwa kwa uzi wa poliesta. Pitisha ukucha juu ya upindo kama huo, utasikia unavyokwaruza. Mimi nilikuwa naukandamiza kwenye rangi, tena ukiwa na mchanga. Siku hizi natumia taulo za maikrofaiba, ambazo nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele na malaika yake marefu hunyanyua chembe badala ya kuiburuta. Hata hizo, nazikata lebo kwanza. Nazifua peke yake, kwa sababu pamba huziachia manyoya, na siziwekei dawa ya kulainisha nguo, inazifunika nyuzi zikashindwa kunyonya maji.

Vumbi kavu silipangusi hata mgeni awe mlangoni. Namwagia maji kwanza mchanga uondoke wenyewe, halafu ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Siku ya kwanza nilipomwaga ile ya kusuuzia nilikuta mchanga umetanda chini ya ndoo, na wote huo zamani ulikuwa unarudi kwenye milango. Naanzia juu ya paa nashuka. Rimu zina kitambaa chao. Kazi yote kivulini, bodi likiwa limepoa, la sivyo maji hukaukia juu na kuacha madoa meupe ya chumvichumvi. Sabuni ya vyombo nimeiacha jikoni, kwa kuwa inaondoa nta pamoja na uchafu. Kinyesi cha ndege nakifunika kwa kitambaa kilicholowa mpaka kilainike, ndipo nakinyanyua. Nikikichelewesha juani kinaila klia.

Tangu nianze kuosha hivi, mikwaruzo mipya karibu siioni, na lile kopo la polishi lina mwaka halijafunguliwa.

Naomba basi mchapishe masahihisho kabla wasomaji hawajafika Jumamosi nyingi kama zangu. Mkikosa picha ya kuweka, boneti yangu ipo. Doa lina upana wa vidole viwili na urefu wa kalamu, na linaonekana vizuri zaidi saa nne asubuhi.

Msomaji wako,
Fundi cherehani