Salamu za Mwaka Mpya: Elimu kwa Faida ya Wote

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya mwaka mpya. Mliokwenda kula Krismasi nyumbani, poleni na safari; najua wengine bado mko stendi, mabasi yamejaa na nauli imepanda kama kawaida yake. Waliouvuka mwaka salama tumshukuru Mungu. Waliouvuka na msiba ndani ya nyumba, Mungu awatie nguvu.

Huu ndio msimu wa viatu vya shule. Pita Kariakoo siku hizi utamkuta mama amechuchumaa, amembonyeza mtoto ncha ya kiatu kwa kidole gumba kuona kama imebaki nafasi, maana kiatu cha Januari sharti kifike Desemba. Bado madaftari, sweta, ufagio na ndoo. Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita, jambo la kushukuru sana. Lakini muulizeni mzazi mwenye watoto watatu Januari inamwachia nini mfukoni.

Basi kwa kuwa sote tuko kwenye madaftari, naomba niseme mawili matatu kuhusu kinachoandikwa humo, na kinaandikwa ili iweje.

Mkesha wa kuamkia 1970, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa redioni. Salamu za viongozi kwa kawaida huombea amani na mvua, kisha watu wakaendelea na pilau. Zile zilikuja na kazi: alitangaza kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Wilaya sita ndizo zilizoanza kupewa jukumu la kufuta ujinga huo, zikiwamo Mafia, Ukerewe, Pangani na Masasi. Kikaja kisomo chenye manufaa: mkulima wa Kanda ya Ziwa akajifunza herufi kwa somo la pamba, mvuvi kwa somo la samaki. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, wakakaa chini ya mwembe au kwenye ofisi ya TANU, redio katikati. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakainuka kufukia madimbwi, kufyeka majani nyuma ya nyumba na kuchimba vyoo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Somo lililoishia kwenye choo kilichochimbwa ni somo lililoeleweka. Leo tunaita mambo hayo elimu ya maendeleo endelevu, tuna semina zake na fulana zake, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliyaweka ndani ya lengo la 4 la dunia: kwamba ikifika 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa ya kuishi bila kuiharibu kesho, pamoja na haki za binadamu, amani na uraia wa dunia. Miaka iliyobaki ni michache. Nasi tusijisifu mno kwa ya zamani: sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mtu mmoja katika kila watano, kuanzia miaka 15, hajui kusoma na kuandika. Redio zilinyamaza, vikundi vikatawanyika.

Uraia wa dunia wenyewe wazee wetu hawakuusubiri kutoka New York. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na nyingine iliahidi kujielimisha na kuitumia elimu hiyo kwa faida ya wote. Hayakubaki maneno ya paredi. Nendeni Mazimbu, Morogoro. Pale palikuwa shamba la mkonge, na nchi hii, yenyewe ikihangaika na sukari na sabuni, ikawapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa Afrika Kusini. ANC wakajenga shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia risasi baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya 1976. Ilipofika 1992 wakatuachia majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Watoto wetu wanasomea katika madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wenzetu.

Sasa turudi kwenye shule zetu za leo, na hapa naomba mniwie radhi wakuu wa shule. Darasani mtoto anafundishwa kwamba ukataji miti unaleta jangwa. Keshoye asubuhi anakuja na ukuni begani, kwa sababu kila mwanafunzi ameagizwa alete wa kupikia makande. Mtoto si mjinga. Anajua lipi kati ya hayo mawili ndilo somo. Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, lakini agizo halina moto wa kuivisha maharage. Majiko yanataka fedha, na kamati za shule zinahitaji wazazi wanaohudhuria kikao hata kama hakuna mtoto aliyefukuzwa.

Wala tusibebeshwe mzigo wote sisi. Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na bado tumeyaona maporomoko ya matope ya Katesh ya Desemba 2023 na mafuriko ya Rufiji ya 2024. Mtoto wa Houston au wa Frankfurt naye afundishwe gari la baba yake linahusikaje na mvua za wenzake. Uraia wa dunia ukifundishwa upande mmoja unageuka kuwa mahubiri kwa maskini.

Jambo la mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Mwongozo upo, lakini bado wapo wanaokaa nyumbani kwa aibu, au kwa sababu hakuna wa kumshika mtoto. Kama yupo kwenye ukoo wenu, shangazi na bibi kaeni wiki hii mpange nani atabaki na mtoto, nani atashona sketi, na nani atamsindikiza siku ya kwanza.

Walimu wa darasa la kwanza mnaowangoja watoto ambao hawajawahi kushika penseli, nawatakia subira na chaki za kutosha. Tufikishieni salamu kwa wote nyumbani.