Barua kwa mwanangu: mbingu tupu ya Fenton

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini ile picha ya Mwingereza Roger Fenton ya mwaka 1855, aliyoipiga karibu na Sevastopol wakati wa vita vya Crimea, inatisha ilhali haina maiti wala askari. Jina lake unalijua kutoka Zaburi ya 23: bonde la uvuli wa mauti. Askari wa Kiingereza ndio waliolipa bonde hilo jina hilo.

Anza na mbingu. Ni nyeupe pee, haina hata wingu. Usidhani aliipenda hivyo. Kolodioni ya wakati ule, dawa ya majimaji iliyopakwa kwenye kioo cha kupigia picha, iliona zaidi mwanga wa buluu, hivyo muda wa mwanga uliotosha ardhi uliiunguza mbingu. Wapiga picha wengine walipaka rangi nyeusi sehemu ya mbingu kwenye kioo cha negativu, ambako nyeusi hutoka nyeupe kwenye karatasi, ili madoa yasitokee kwenye karatasi. Baadaye mpiga picha George Barnard wa Marekani, kwenye albamu yake ya 1866, alichapa mawingu kutoka kioo cha pili. Ukiyatazama sana utaona wingu lilelile limehamia mji mwingine. Fenton aliuacha weupe uwe umbo, na mstari wa vilima ukawa ukingo wake.

Sasa kioo chenyewe. Unakishika kwa kona moja, unamimina kolodioni katikati, unakiinamisha polepole ifike kona zote, kisha iliyobaki unairudisha chupani kupitia kona ya mwisho. Ukisita, unapata mawimbi. Kisha gizani, ndani ya nitreti ya fedha, dawa inayokifanya kioo kihisi mwanga, kama dakika tatu. Kuanzia hapo una dakika kumi hivi, na kwenye joto hata hazifiki: kikikauka kabla ya kusafishwa kwa dawa, picha imekwisha. Ndiyo maana gari la farasi la Fenton, lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo na akaligeuza chumba cha giza, lilipaswa kuwa karibu. Mpiga picha hakusimama popote alipotaka. Alisimama pale gari lilipofika.

Tena karatasi ilibanwa juu ya kioo chenyewe, hivyo picha ilikuwa na ukubwa wa kioo. Hakuna kukuza. Mpangilio ulimalizika pale pale, chini ya kitambaa cheusi, huku taswira ikiwa kichwa chini miguu juu. Kwa jicho langu hilo lilisaidia: ukiona dunia imepinduka, unaacha kuona njia na vilima, unaona mistari na mapande ya kivuli.

Zipo picha mbili za mahali hapo. Katika moja mitufe ya mizinga imelala mtaroni, njia ni tupu. Katika nyingine imetapakaa njiani. Mtengenezaji filamu Errol Morris, pamoja na rafiki yake Dennis Purcell, alilinganisha vijiwe vya mlimani vilivyoporomoka kidogo, akaonyesha kwamba ile ya njia tupu ilitangulia. Basi mitufe iliwekwa njiani baadaye.

Zichape zote mbili, uziweke sambamba. Kwenye tupu jicho linateleza juu ya njia kama kwenye sakafu yenye maji, likaishia mbinguni. Kwenye nyingine kila mtufe unalisimamisha, na kwa kuwa unaonekana mdogo kadiri unavyokwenda mbali, unakupa kipimo ambacho mti au mtu angekupa. Funika mitufe ya mbele kwa kidole uone bonde linavyopoteza kina chake.

Akupendaye,
Baba yako