Barua ya wazi kwa Rais wa Serikali ya Visiwa vya Baleares: kuta za Sóller zinabomoka

Mheshimiwa Rais,

Kwa heshima zote, mimi ni mtu wa Lamu ninayefanya kibarua cha mashambani katika bonde la Sóller, kisiwani Mallorca, Hispania. Kura sina, ila machungwa ya huku nayachuma kwa mikono yangu, na kuta za huku nazijua kwa kuzipanda kila siku. Hizo kuta ndizo zimenifanya nishike kalamu.

Milima ya Serra de Tramuntana, inayolizunguka bonde hili, iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na haikuingia kama pori. Iliingia kwa sababu ya kazi ya watu: matuta yaliyopangwa kwa mawe kuanzia bondeni hadi juu kwenye mizeituni, na mifereji inayotoa maji kwenye chemchemi, ikayajaza mabirika, kisha ikayagawa mashambani kwa zamu. Utaratibu huo wa maji una mizizi katika zama za watawala Waislamu, kabla Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon hajauteka Palma, mji mkuu wa kisiwa, mwaka 1229. Lamu yetu nayo imo katika Orodha tangu 2001, kwa hiyo nasema kwa uzoefu: cheti cha UNESCO hakizibi ufa.

Ukuta wa Tramuntana hauna saruji wala chokaa. Mawe makubwa hukaa mbele, kila moja likichongwa kidogo hadi likubali kukaa na jirani yake, na nyuma yake hujazwa kokoto. Mvua kubwa za vuli zikishuka, maji hupenya katikati ya mawe na udongo hubaki. Ukipata fundi wa haraka akakuzibia nyufa kwa saruji (na wapo wengi, maana ni rahisi), maji hukosa njia, ukuta huvimba tumbo, na siku moja huporomoka na miti yake. Tena ukuta mmoja hauanguki peke yake, kwa kuwa udongo wake huulemea wa chini yake. Maporomoko hayo huanzia kwenye matuta yanayoachwa, nayo huachwa kwa sababu zeituni za mlimani hazimlipi mtu jasho lake. Wageni wanaoshuka kwenye treni ya zamani, iliyoanza safari mwaka 1912 ikipita mahandaki 13, hupiga picha wakidhani mlima umeumbwa hivyo.

Isisemwe kwamba kuziokoa kuta hizi haiwezekani. Katika makorongo ya milima hiyohiyo yupo chura mdogo, ferreret, ambaye dume ndiye hubeba mayai miguuni. Sayansi ilimjua kwanza kwa mifupa ya kale, mwaka 1977, akidhaniwa ametoweka. Baadaye akakutwa hai. Kuvu ilipomvamia, wataalamu waliwatoa viluwiluwi madimbwini, wakawatibu, wakasafisha madimbwi kwa dawa, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba wamefaulu. Aliyemvumilia chura kiasi hicho hashindwi na ukuta.

Fedha zipo. Tangu 2016 mgeni hulipa kodi ya utalii endelevu kwa kila usiku anaolala, na sheria yenyewe inataja mazingira na urithi miongoni mwa matumizi yake. Naomba sehemu yake itengwe wazi kwa kuta na mifereji, ilipwe kwa mita iliyokwisha kutengenezwa, kwa mawe matupu, na imfikie hata mpangaji mwenye matuta machache, si mwenye shamba kubwa na wakili wa kumjazia fomu tu. Naomba pia vijana walipwe wakiwa wanajifunza kwa mafundi wazee, hata waliohamia kama mimi. Mawe hayaulizi pasipoti.

Kazi ya ukuta hufanyika vizuri kabla ya mvua za vuli. Tangazo likitoka wakati wa kiangazi, Mheshimiwa, mwaka huu haujapotea.

Wako mtiifu,
Kibarua wa Sóller